UZI: Kwanini ukichokonoa sikio unakohoa? Mate, machozi na mapigo ya moyo yanavyopitia sikioni

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salaam. Hivi ushawahi kuingiza kijiti cha pamba sikioni, ukafika sehemu fulani ukaanza kukohoa ghafla kama umepaliwa? Haiwapati wote, ila wanaoipata wananielewa, unagusa sikio koo ndo linajibu.

Mi nafundisha anatomia na hili swali kila mwaka lazima liulizwe. Na kila mwaka naona kitu kilekile, mwanafunzi kasoma sikio wiki yake, kasoma mfumo wa neva unaojiendesha wiki yake, mitihani yote kapasua, ila ukimuuliza sikio linaletaje kikohozi anabaki kuangalia dari. Sio kosa lake. Vitabu vimetenganisha, sikio limewekwa kwenye milango ya fahamu pamoja na jicho na pua, mfumo unaojiendesha umewekwa huko mbele na moyo na utumbo. Mi naona hapo ndo tunapopotezana, sikio ni njia panda ya huo mfumo, na ukilisoma bila hizo neva umesoma nusu yake.

Twende taratibu, ntaandika kwa vipande.

Mfumo unaojiendesha ni zile neva zinazofanya kazi bila kukuomba ruhusa. Moyo kudunda, jasho, mboni kupanuka na kusinyaa, mate, tumbo kusaga. Una pande mbili kubwa. Simpathetiki zinatoka kwenye uti wa mgongo kuanzia usawa wa pingili ya 1 ya kifua mpaka ya 2 ya kiuno, hizi ndo za kukuandaa kupigana au kukimbia. Parasimpathetiki, zile za kupumzika na kusaga chakula, zenyewe zina milango miwili iliyo mbalimbali, mmoja juu kabisa kwenye shina la ubongo kupitia neva za kichwa namba 3, 7, 9 na 10, mwingine chini kwenye pingili za 2 mpaka 4 za sakramu, kule nyonga zinapoungana nyuma. Katikati hapo kuna utumbo ambao una mtandao wake mwenyewe wa neva, huo tuuache.

Kingine cha kushika, njia ya kutoka ubongoni au kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye tezi au mshipa wa damu mara nyingi haiendi moja kwa moja, kuna neva ya kwanza inafika kwenye kifundo, yaani fundo la seli za neva njiani, inapokezana na neva ya pili, ya pili ndo inaenda kumalizia kazi. Kama mbio za kupokezana kijiti. Tutavihitaji hivyo vifundo.

Sasa rudi kwenye zile namba nne za shina la ubongo: 3, 7, 9, 10. Ya 3 inaenda machoni, iache. Zilizobaki tatu, yaani 7, 9 na 10, ZOTE zinapita sikioni au zinatuma tawi sikioni. Hapo ndo uzi wetu ulipo.

#2

Naweka kambi hapa mkuu, kikohozi cha sikio ninacho toka utotoni na nyumbani wanasema najifanyisha.

#3 Mwanzisha uzi

Hujifanyishi mkuu, anza na hicho chako basi.

Neva namba 10 inaitwa vagasi, jina lake kwa Kilatini ni kama kusema "mzururaji", na kweli inazurura, inatoka kichwani inashuka shingoni, inaingia kifuani kwenye moyo na mapafu, inavuka mpaka tumboni. Sehemu kubwa ya parasimpathetiki yote ya mwili imo kwenye hii neva moja. Ila kabla haijashuka inatuma kitawi kidogo nyuma, kinapenya ndani ya mfupa wa panja kinatokea kwenye ngozi ya njia ya sikio, upande wa nyuma na chini, na pale kwenye bakuli la sikio la nje. Kinaitwa neva ya Arnold, kwa jina la Friedrich Arnold, mwanaanatomia wa Ujerumani wa karne ya 19.

Hicho kitawi ni cha kuhisi tu, hakiendeshi tezi wala msuli. Lakini habari zake zinaingia ubongoni kwa njia ileile inayotumiwa na matawi ya vagasi yanayotoka kooni na kwenye koromeo la hewa. Kwahiyo kwa baadhi ya watu ubongo ukipokea mguso kutoka ndani ya sikio unajibu kana kwamba kuna kitu kimeingia njia ya hewa, unatoa amri ya kukohoa. Wapo pia wanaopata kichefuchefu, na wachache zaidi mapigo ya moyo yanashuka, presha inashuka, anaona giza na kuzimia akiwa anasafishwa sikio. Ndo maana mtu akisafishwa nta inatakiwa awe amekaa kwenye kiti chenye egemeo au amelala, wala sio kusimama. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona mtu anaanguka hivyo mbele ya macho yangu, alikuwa kijana mzima hana ugonjwa wowote.

#4

Mkuu hapo kwenye moyo umenishtua. Ina maana sikio linaweza kusimamisha moyo?

#5 Mwanzisha uzi

Hapana usiende mbali hivyo. Kwa mtu wa kawaida mshuko wake ni wa muda mfupi, akilazwa miguu juu anarudi. Nachotaka ushike ni kwamba njia ipo, ni waya halisi unaweza kuuona kwenye maiti ukichambua kwa uvumilivu, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Sasa tuingie ndani ya sikio, maana wengine mmekwama nje.

Sikio la nje ni gegedu lile unaloshika, pamoja na njia yenye urefu kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima. Theluthi ya mwanzo ni gegedu na hapo ndo nta inapotengenezwa, theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba sana, ndo maana ukigusa huko panauma vibaya. Mwisho wake kuna ngoma ya sikio, upana wake kama milimita 8 mpaka 10, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, ndo sikio la kati. Humo kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kimo chake kama milimita 3. Kazi yao kubwa ni kukuza nguvu. Sauti inakuja kwenye hewa ila inatakiwa iingie kwenye maji ya sikio la ndani, na sauti ikitoka hewani ikakutana na maji sehemu kubwa inarudishwa. Ngoma ina eneo kama mara 17 au zaidi ya lile la kidirisha ambacho kikuku kimekaa, halafu vifupa vyenyewe vinafanya kazi ya wenzo kidogo, ukijumlisha msukumo unaongezeka kama mara 20 na ushee. Bila hicho chumba ungesikia kama mtu aliyezama ndani ya maji.

Chumba chenyewe ukubwa wake hata punje ya haragwe inajaa. Sasa sikiliza, ndani ya chumba hicho zinapita amri za mate.

#6

Mate? Mate si yapo mdomoni mkuu.

#7 Mwanzisha uzi

Tezi zipo mdomoni, waya zake zinapita sikioni. Hiki kipande ndo nakipenda kuliko vyote kwahiyo mnivumilie kikiwa kirefu.

Neva namba 7 ni ya usoni, watu wanaijua kwa kukunja uso na kutabasamu. Ikitoka kwenye shina la ubongo inaingia ndani ya mfupa wa panja, kwenye ile sehemu ngumu kama mwamba inayobeba sikio la ndani, humo inapinda kona kali. Kwenye kona kuna kifundo, na hapo inaachia tawi la kwanza la parasimpathetiki, linatoka kwenda mbele kwenye kifundo kingine nyuma ya pua, na kutoka hapo amri inaenda kwenye tezi za machozi na tezi za unyevu wa pua. Kwahiyo unapolia, amri ya machozi imepitia kwanza ndani ya mfupa wa sikio.

Neva yenyewe inaendelea, inashuka nyuma ya chumba cha sikio la kati, inatuma kitawi kwa msuli mdogo unaoshikilia kikuku, halafu kabla haijatoka nje ya fuvu inaachia tawi la pili. Hili linaitwa kamba ya ngoma, linarudi juu linaingia kwenye chumba cha sikio la kati, linakatiza katikati ya nyundo na fuawe, wazi kabisa, limefunikwa na ngozi laini tu, halafu linatoka mbele kwenda kuungana na neva ya ulimi. Ndani yake kuna vitu viwili. Moja ni ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi. Pili ni amri ya mate kwa tezi za chini ya taya na chini ya ulimi.

Ndo maana mtu akifanyiwa oparesheni ya vifupa vya sikio anaweza kuamka analalamika upande mmoja wa ulimi una ladha ya chuma. Wamegusa au wamevuta kamba ya ngoma. Kwa wengi inatulia baada ya miezi, ila mgonjwa asipoambiwa mapema anaona kafanyiwa oparesheni ya sikio akaharibiwa ulimi.

Bado tezi kubwa kuliko zote, ile ya mbele ya sikio inayovimba mtu akipata matumbwitumbwi. Hiyo ni ya neva namba 9. Neva hii inatoka chini ya fuvu kuelekea kooni, lakini ikishatoka tu inarudisha kitawi juu, kinapenya kitundu kidogo kwenye mfupa kinaingia sikio la kati kutokea sakafuni. Kinaitwa neva ya Jacobson, kutokana na Ludwig Jacobson wa Denmark. Humo chumbani kinajitandaza kama wavu kwenye ukuta wa ndani, kinachanganyika na nyuzi za simpathetiki zilizopanda na mshipa mkubwa wa damu wa shingo, halafu kinajikusanya tena kinatoka kwa juu, kinashuka kwenye kifundo cha sikio ambacho kipo chini ya fuvu, na kutoka hapo kinadandia neva nyingine mpaka kwenye tezi.

Hesabu sasa. Machozi, mate ya chini ya taya, mate ya chini ya ulimi, mate ya mbele ya sikio. Amri zote hizo za parasimpathetiki zinapita ndani ya mfupa wa panja, huohuo wenye sikio. Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu nikiangalia lile fuvu mezani.

#8

Ok sasa nimeelewa kitu. Mama alipooza uso upande mmoja, akawa analalamika jicho kavu, chakula hakina ladha na sauti za watoto zinamkera kupita kiasi. Tukadhani ni msongo wa mawazo tu umeongezeka.

#9 Mwanzisha uzi

Pole sana kwa mama, na asante kwa kuleta huu mfano maana ndo ramani yenyewe. Jicho kavu linaonyesha tatizo liko kwenye kona au kabla yake, kabla tawi la machozi halijatoka. Sauti kumkera ni kile kitawi cha msuli wa kikuku, msuli ule kazi yake ni kukaza kikuku sauti ikiwa kubwa, ukilegea sauti zinaingia bila breki. Ladha kupotea ni kamba ya ngoma. Angekuwa na uso uliopooza peke yake, machozi yapo, ladha ipo, sauti ni kawaida, tungesema neva imeguswa baada ya kutoka nje ya fuvu. Yaani kwa kuuliza maswali matatu unapata fununu neva imeumia wapi kabla ya kipimo chochote.

Ongeza swali la nne, aangaliwe sikioni kama kuna vipele vya majimaji. Vikiwepo ni virusi walewale wa tetekuwanga wameamka kwenye kifundo cha ile kona, James Ramsay Hunt alieleza hali hiyo mwaka 1907. Hiyo inataka dawa haraka.

Halafu neva zikianza kuota upya wakati mwingine zinapotea njia. Nyuzi zilizokuwa za mate zinaishia kwenye tezi ya machozi, mtu akila analia. Kuna na nyingine ya tezi ya mbele ya sikio, ikifanyiwa oparesheni nyuzi zake zinaweza kuota zikafika kwenye tezi za jasho za ngozi, mtu akila shavu linatoka jasho. Na kwanini nyuzi za mate ziweze kuwasha jasho? Kwa sababu zote mbili zinatumia kemikali moja, asetilikolini. Neva nyingi za simpathetiki zinamalizia na noradrenalini ila zile za tezi za jasho sehemu kubwa ya mwili ndo tofauti, zinatumia asetilikolini kama parasimpathetiki. Tezi ya jasho inajibu kemikali tu, haiulizi neva imetoka wapi.

#10

Mkuu mbona simpathetiki umeipita kama haipo? Na swali lingine, huo msuli wa kikuku unajikaza wenyewe bila hiari, si ndo mfumo unaojiendesha huo?

#11 Mwanzisha uzi

Swali lako la pili ni zuri sana na wengi wanaanguka hapo. Hapana, sio. Ule ni msuli wa aina ileile ya misuli ya mkono, unajikaza kwa rifleksi kama goti linavyoruka likigongwa. Kitu kufanyika bila hiari hakitoshi kukiita cha mfumo unaojiendesha. Mfumo unaojiendesha unahudumia misuli laini, moyo na tezi.

Simpathetiki, naam. Zenyewe zinapanda shingoni mpaka kifundo cha juu cha shingo, kisha zinajisokota kwenye mishipa ya damu na kusambaa nayo kichwani, sikio likiwemo. Na hapa kuna historia ambayo kila anayesoma sikio anapaswa kuijua. Miaka ya 1851 na 1852 Claude Bernard wa Ufaransa alikata neva ya simpathetiki ya shingoni kwa sungura. Alitegemea sikio la upande ule lipoe, maana aliamini neva ndo zinaleta joto. Likapata joto! Mishipa ya damu ikatanuka, sikio likawa jekundu. Kisha mtafiti mwingine, Brown-Séquard, mwaka 1852 akaonyesha upande wa pili, akiichangamsha ile neva kwa umeme sikio linapauka na kupoa. Ndo watu wakaelewa kuwa kuna neva zinazobana na kulegeza mishipa ya damu. Sikio la sungura ni jembamba, mishipa inaonekana kwa macho, dirisha safi kabisa. Jina lenyewe la mfumo unaojiendesha lilikuja baadae, John Newport Langley alilitoa 1898, na neno parasimpathetiki akaliongeza 1905.

Kwahiyo hayo masikio yako yanayopata moto ukiona aibu au ukikasirika, ni mishipa ya damu kulegezwa na kujaa, na sikio halina mafuta ya kuficha joto.

Ila simpathetiki haziishii kwenye ngozi. Zinafuata mishipa mpaka ndani ya koklea, na koklea inalishwa na mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi, ukiziba upande huo unaweza kupoteza usikivu ghafla.

#12

Koklea ndo ile konokono?

#13 Mwanzisha uzi

Ndo hiyo. Mizunguko kama miwili na nusu, ukiinyoosha kama milimita 35, na inafikia saizi ya utu uzima kabla mtoto hajazaliwa. Ndani kuna seli za usikivu zinazoitwa seli nywele, za ndani kama 3,500 na za nje kama 12,000 kwa kila sikio, zikifa kwa binadamu hazioti tena. Sauti nyembamba zinapokelewa mwanzoni, nzito kule kileleni. Georg von Békésy alipata Nobeli 1961 kwa kueleza mawimbi yanavyosafiri humo. Sikai sana hapa maana koklea imeandikwa sana.

Jirani yake ndo wa kuzungumza. Mifereji mitatu ya nusu duara inapima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye vijiwe vya kalsiamu vinapima mwendo wa kunyooka na mvutano wa dunia. Taarifa zao zinaingia shina la ubongo, jirani kabisa na vituo vya mapigo ya moyo, presha na kutapika, na wanaongea nao. Ndo maana kizunguzungu cha sikio hakiji peke yake, kinakuja na jasho baridi, mdomo kujaa mate, tumbo kuchafuka, kupauka. Mtu mwenye shambulio la Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani unaoleta kizunguzungu, anaweza kukimbizwa kwa ajili ya tumbo au moyo kumbe ni sikio, na Prosper Ménière mwenyewe aliwaeleza wenzake mwaka 1861 kwamba chanzo ni sikio la ndani. Kuna faida pia, ukiinuka kutoka kitandani vile vijiwe vinatuma taarifa mapema na simpathetiki inabana mishipa ya miguu ili presha isidondoke.

#14

Mi naongezea upande wa maumivu. Baba yangu aliumwa sikio moja miezi mingi, akapewa dawa za matone mara tatu sehemu tofauti, sikio likiangaliwa ni zima. Mwisho daktari mmoja akamwambia fungua mdomo nione koo. Uvimbe ulikuwa kooni. Tungejua mapema...

#15 Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu yangu. Hiki ulichoandika kisomwe na kila mtu humu.

Sikio linahisiwa na neva 5, 7, 9, 10 na neva za shingo ya 2 na ya 3. Hakuna sehemu ndogo hivyo ya mwili yenye wenyewe wengi kiasi hicho. Kwahiyo jino bovu linaweza kuuma sikioni kupitia namba 5 (ile ya kuhisi uso na meno), mafindofindo kupitia namba 9, na tatizo la chini ya koo kwenye sanduku la sauti kupitia namba 10, kwa kitawi kilekile cha Arnold tulichoanza nacho. Mtu mzima, sikio moja, maumivu wiki kadhaa, ngoma ni nzima: aangaliwe koo na daktari wa masikio, pua na koo. Hasa kama anavuta sigara, au sauti imekwaruza, au kumeza kunauma. Matone hayatibu koo.

#16

Mkuu swali la mwisho, nikiweka dawa ya matone sikioni chumba kinazunguka na nataka kutapika. Niache dawa?

#17 Mwanzisha uzi

Kwanza, je ngoma yako ni nzima? Kama imetoboka au hujui, simamisha na urudi kwa aliyekuandikia kabla ya tone lingine, maana zipo dawa hazitakiwi kupita kwenye tundu.

Kama ni nzima, nahisi dawa yako ni ya baridi. Kimiminika kikiwa na joto tofauti na la mwili kinapoza au kupasha mfereji wa nusu duara ulio karibu, maji ya ndani yanatembea, ubongo unadhani kichwa kinazunguka, macho yanacheza, na vile vituo vya kutapika vinaamka. Robert Bárány aliona hivyohivyo kwa wagonjwa aliokuwa akiwasafisha masikio, akakigeuza kuwa kipimo kinachotumika mpaka leo, na kikampa Nobeli ya mwaka 1914 akiwa mateka wa vita Urusi.

Shika kichupa kwenye kiganja dakika kadhaa mpaka kiwe na joto la mwili, usikichemshe. Lala ubavu, weka matone, baki umelala dakika tano. Ikizunguka hata kikiwa na uvuguvugu, hapo rudi ukaangaliwe.